Probiotiki, prebiotiki, isabgol au mtindi: kipi cha kuanza nacho mwenye IBS hapa Dar?

Abiria wa Kimara
Wakuu habari za jioni. Baada ya kuambiwa amiba, kisha taifodi, kisha vidonda vya tumbo, hatimaye nimeonwa na bingwa wa mfumo wa chakula. Amepima choo, amepima damu, amenipitishia kamera, akasema ni IBS, yaani utumbo unaosumbua ingawa vipimo havioni ugonjwa mwingine, ile ya upande wa kuharisha. Mwenye nayo anajua. Asubuhi napanda mwendokasi Kimara Mwisho, tukifika Ubungo tumbo limeshaanza kunguruma, na ndani ya basi lililoshona hivyo huna pa kukimbilia. Kwa sasa najua palipo na choo karibu na kila kituo hadi Kivukoni.

Daktari kasema probiotiki, yaani vijidudu hai vyenye faida, naweza kujaribu nikitaka, ila hakutaja ipi. Nimezunguka maduka ya dawa Kariakoo, Posta hadi Mlimani City, na kichwa kimezidi kuchanganyikiwa. Kuna kopo la kapsuli za bakteria mchanganyiko, limeandikwa bilioni 50 kwa maandishi makubwa, bei inapita 80,000. Kuna kapsuli za Saccharomyces boulardii, nafuu kidogo. Kuna unga wa inulini, ndiyo hiyo prebiotiki, muuzaji anasema ni chakula cha bakteria wazuri waliomo tumboni tayari. Halafu kuna isabgol, yale maganda ya mbegu ya kulainisha choo, kwenye maduka ya Wahindi kule Kisutu, na mtindi ambao upo kila kona.

Mfuko wangu unaruhusu kitu kimoja kwa mwezi. Mngekuwa nyie mngeanza na kipi? Naomba wenye uzoefu, wauzaji wapite kimya kimya.

Kijana wa Makumbusho
Naweka kambi hapa. Kwa kuanzia, inulini achana nayo mkuu.

Muuzaji aliniambia vijiko viwili vikubwa kwa siku, changanya kwenye uji. Aisee! Gesi niliyopata, ofisini nilikuwa najifanya napokea simu ili nitoke nje. Baadaye ndipo nikasoma vizuri. Utumbo mwembamba hauwezi kuimeng'enya inulini, inafika utumbo mpana ikiwa nzima, bakteria wanaichachusha, na kazi hiyo inatoa gesi. Mtu mzima mwenye afya mara nyingi anaivumilia zaidi. Sisi wa IBS utumbo wetu unahisi kila kitu, ukijaa kidogo tu ni maumivu.

Kichekesho chenyewe ni hiki: inulini ni jamii moja na frukitani, wanga usiomeng'enywa, zilizomo kwenye vitunguu maji, vitunguu saumu na ngano. Daktari anakwambia punguza vitunguu na maharage, wewe unakwenda dukani kununua kilekile kwenye kopo, tena kwa bei mara kumi.

Mama Nuru
Mie wa Tabata, na IBS yangu ni ya upande wa pili, choo kigumu, naweza kukaa siku nne. Kwangu isabgol ndiyo imenitoa. Ni maganda ya mbegu tu, meupe, mepesi, hayana ladha. Kijiko kimoja cha chai kwenye glasi iliyojaa maji, koroga, kunywa palepale. Ukisema ngoja nipokee simu kwanza, ukirudi unakuta uji mzito haumezeki. Kisha kunywa glasi nyingine ya maji juu yake. Hilo la maji msilifanyie mzaha, maana bila maji inaweza kukwama kooni au kufunga choo zaidi.

Anza na kijiko kimoja hata wiki nzima ndipo uongeze. Kama unameza dawa nyingine, acha kama saa mbili katikati. Na msichanganye na pumba za ngano jamani, hizo nilipewa na shoga yangu akidhani unyuzinyuzi wote ni sawa, tumbo likavimba hadi watu kunipongeza kwa mimba.

Mjuaji wa Mbagala
Mnajisumbua na mambo ya Wazungu. Hiyo ni amiba imejificha, vipimo vya mjini haviioni. Piga metro dozi mbili, na dawa ya minyoo juu yake, mwisho wa habari.

Mtu wa Famasi
Mjuaji, ndugu yangu, huo ushauri ndio unaojaza watu dukani kwangu. Metronidazoli ni dawa nzuri kwa amiba iliyoonekana kwenye darubini. Ukiimeza kila tumbo likinguruma, unafyeka pia bakteria wa utumboni ambao huyu kaka anatafuta pesa ya kuwanunua. Na kipimo cha Widal cha taifodi nacho kinapotosha sana huku kwetu, kwa sababu mtu anaweza kubaki na kingamwili za zamani bila kuwa na ugonjwa. Kitu kimoja uko karibu na ukweli: IBS mara nyingine huanza baada ya maambukizi makali ya tumbo. Ila wadudu wanakuwa wameshaondoka, kilichobaki ni utumbo ulioachwa na hisia kali.

Sasa nirudi kwa mleta mada.

Bilioni 50 isikutishe wala isikuvutie. Angalia jina la bakteria lina nini mwishoni. Lebo ikisema "Lactobacillus" peke yake, au "Bifidobacterium" peke yake, hujaambiwa kitu. Ile namba ya mwisho ndiyo inayomtambulisha bakteria aliyefanyiwa majaribio. Kwa IBS anayetajwa sana ni Bifidobacterium longum 35624, zamani akiitwa infantis. Mwaka 2006 lilitoka jaribio la wanawake wenye IBS waliopewa dozi tatu tofauti. Dozi ya bakteria milioni 100 ilishinda kidonge cha bandia, yaani kile kisicho na dawa ndani, cha kulinganishia. Dozi ya bilioni 10 haikushinda! Ilionekana kapsuli za dozi kubwa zilikuwa zinagandamana badala ya kuyeyuka vizuri. Kwa hiyo wanaopigana vikumbo kuandika bilioni kubwa kwenye kopo, waulize kwanza ni bilioni za nani. Mwingine ni Lactobacillus plantarum 299v. Kuna jaribio la India la mwaka 2012 lililoonyesha amepunguza maumivu na kujaa, na kuna mengine ambayo hayakuona tofauti.

Na hapa lazima niseme ukweli hata kama nauza. Wataalamu hawajakubaliana. Chama cha magonjwa ya tumbo cha Marekani, AGA, mwaka 2020 kilisema mwenye IBS atumie probiotiki ndani ya utafiti tu. Wenzao wa Uingereza, BSG, mwaka 2021 wakasema unaweza kujaribu hadi wiki 12, ukiona hakuna nafuu unaacha, na wakakiri kwamba hawawezi kutaja aina moja ya kupendekeza. Majaribio mengi ni madogo, kila moja na bakteria wake, na kwenye IBS hata wanaopewa kidonge cha bandia wengi hujisikia nafuu. Mimi niko upande wa Waingereza, kwa masharti: kitu kimoja kwa wakati mmoja, dozi ileile, na mwezi mzima angalau kabla ya kuhukumu.

Saccharomyces boulardii si bakteria, ni jamii ya hamira. Aliyeigundua ni Mfaransa Henri Boulard, miaka ya 1920 huko Indochina. Sifa yake kubwa ni kuzuia kuharisha kunakoletwa na antibaiotiki, maana antibaiotiki haziui hamira. Kwa IBS ushahidi wake ni mwembamba. Ukimeza flukonazoli, dawa ya fangasi, itaiua, usipoteze pesa. Na mgonjwa ambaye kinga yake imeshuka sana, au aliyewekewa mpira kwenye mshipa mkubwa wa damu, asiiguse bila daktari.

Abiria wa Kimara
Asante sana mkuu, hapa nimepata shule. Swali: kopo zote nilizoziona zilikuwa kwenye shelfu tu, hakuna friji. Na joto hili la Dar je?

Mtu wa Famasi
Swali la maana kuliko yote. Adui wa Lactobacillus na Bifidobacterium waliokaushwa ni joto na unyevunyevu, na Dar tunavyo vyote viwili. Duka linaweza kuwa na AC mchana, usiku wanafunga na AC inazimwa. Ukiongeza siku mzigo uliokaa kwenye kontena bandarini, huwezi kujua wangapi wamebaki hai.

Cha kufanya: soma kama idadi iliyoandikwa ni ya siku ya kutengenezwa au ni ya hadi mwisho wa matumizi. Ya pili ndiyo ya kununua. Vipaketi vya karatasi ya alumini, kila kapsuli kwenye chumba chake, vinahimili kuliko kopo linalofunguliwa kila asubuhi. Kile kifuko kidogo cha kufyonza unyevu kiache humohumo ndani. Usihamishie kapsuli kwenye kile kiboksi cha siku za wiki, na usiziache kwenye gari. Wanaohimili joto ni wale wanaotengeneza mbegu ngumu za kujihami, kama Bacillus coagulans na Bacillus clausii. Boulardii iliyokaushwa nayo inavumilia shelfu vizuri.

Bi Mkubwa wa Ilala
Wanangu, mmesahau mtindi. Sisi tumekulia maziwa mgando ya kwenye kibuyu, na hakuna aliyekuwa anauliza namba ya bakteria.

Ngosha wa Sinza
Shikamoo Bi Mkubwa. Kule kwetu Mwanza kuna mtindi maalumu ulioanzishwa na kina mama wa Mabatini mwaka 2004, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Western cha Kanada. Wanatumia Lactobacillus rhamnosus GR-1, mtindi wenyewe wanauita Fiti. Bei ya kawaida, kikombe kinajaa. Si ndiyo probiotiki hiyohiyo?

Mtu wa Famasi
Shikamoo mama. Ngosha, ni probiotiki halali kabisa, lakini ule mradi ulilenga lishe na afya ya jamii, hasa wanaoishi na VVU. IBS haikuwa hesabu yao. Ndiyo maana nang'ang'ania namba: bakteria aliyefaa jambo moja haimaanishi anafaa na lingine.

Mtindi wa kawaida, Bi Mkubwa, una faida yake. Laktosi, sukari ya maziwa, inakuwa imepungua, na watu wengi wa huku kwetu tukishakuwa wakubwa maziwa freshi hayatukai. Ila angalia mambo mawili. Ule uliochemshwa baada ya kugandishwa, unaokaa miezi nje ya friji, bakteria wake wamekufa. Na ule wa vanila na stroberi una sukari nyingi, wapo ambao sukari hiyo inawapeleka chooni mbio.

Bi Mkubwa wa Ilala
Marahaba. Basi nanunua ule mweupe usio na sukari, wa pale karibu na Soko la Ilala, kwenye ndoo. Na ubuyu je? Mjukuu wangu anasema nao ni prebiotiki.

Kijana wa Makumbusho
Unga wa ubuyu una unyuzinyuzi mwingi unaoyeyuka, Bi Mkubwa. Unga mweupe lakini, siyo ule mwekundu wa Zanzibar, ule ni sukari na rangi. Kwa IBS anza na kidogo sana, uone.

Mtu wa Famasi
Niongezee hapo kwenye prebiotiki. Mwaka 2019 kulitoka uchambuzi uliokusanya majaribio mengi, na kwa jumla hazikuonyesha kuondoa dalili za IBS. Gesi ilipungua kwa waliopewa dozi ndogo, gramu 6 au chini, na zisizo za jamii ya inulini. Kwa jamii ya inulini gesi iliongezeka, kama kijana alivyosimulia. Zinazovumilika zaidi ni GOS, prebiotiki nyingine isiyo ya jamii ya inulini, kwa dozi ndogo, na guar iliyovunjwavunjwa, unyuzinyuzi wa mbegu za jamii ya kunde. Muhimu iwe iliyovunjwa, kwa sababu guar ya kawaida ni ile ya kufanya vyakula viwe vizito, inavimba na kuwa gundi.

Na msichukulie uzi huu ni ruhusa ya kila mwenye tumbo kujiita wa IBS. Damu kwenye choo, kupungua uzito bila sababu, upungufu wa damu, homa, kuamshwa usiku na kuharisha, au tatizo lililoanza ukiwa umeshapita miaka 50, hayo ni ya hospitali kwanza. Mleta mada amepimwa, ndiyo maana namjibu kwa raha.

Abiria wa Kimara
Kwa hiyo mkuu, mimi wa kuharisha, isabgol si itanimaliza?

Mtu wa Famasi
Hapana. Watu wanaijua kama dawa ya choo kigumu, lakini inafyonza maji na kutengeneza jeli, hivyo choo chepesi nacho kinashikana. Haichachuki haraka, gesi yake ni ndogo. Na katika vyote ulivyotaja, ndiyo ambayo miongozo ya Marekani na Uingereza inaafikiana kuipendekeza kwa IBS, ile ya ACG, chama kingine cha Marekani cha magonjwa ya tumbo, ya 2021, na hiyo ya BSG. Ningekuwa wewe ningeanza nayo mwezi huu kwa pesa ndogo, hiyo 80,000 naiweka. Mwezi ujao kama bado, natafuta 35624 au 299v iliyoandikwa waziwazi. Nikikosa, siokoti kopo lolote ilimradi nimenunua.

Mjuaji wa Mbagala
Sawa, ila amiba ipo.

Mama Nuru
Ipo, lakini siyo kwenye tumbo la kila mtu baba! Abiria, isabgol kunywa usiku baada ya chakula, siyo alfajiri kabla ya mwendokasi. Kijiko kimoja cha chai tu. Pale Kisutu wanapima hata robo kilo, huna haja ya boksi. Na ukipata hiyo 299v kwa bei ya kueleweka, weka jina la mtaa hapa, wengine tunasubiri.