Nani anaruhusiwa kuingia kamati ya kituo cha malezi ya watoto kijijini?

Mlezi_Chamwino
Wadau, habari za leo. Kijijini kwetu wazazi wamejenga kituo cha kulelea watoto wa miaka 2 hadi 4, na watoto wapo 40. Mkutano mkuu wa kijiji unakaribia kuchagua kamati ya uendeshaji. Waliopendekezwa ni mlezi mkuu wa kituo, mwenye duka anayetuuzia unga na sukari, mwenyekiti wa kitongoji, na bibi anayelea wajukuu wawili. Huyo bibi baadhi wanamkataa, eti si mzazi. Nani anafaa, na wawe wangapi?

Dada wa Ustawi
Naanza na bibi, maana ndiye anayeonewa. Sheria ya Mtoto ya 2009 haiishii kwa aliyezaa. Aliyekabidhiwa malezi ya mtoto naye anahesabiwa mzazi. Bibi anayejua mtoto ameharisha lini na jana alikula nini anafaa kuliko baba aliyeko Dar anayetuma hela. Kutojua kusoma kusimzuie: muhtasari usomwe kwa sauti mbele ya wote, ndipo aweke dole gumba.

Mlezi mkuu aingie kama katibu, kama mwalimu mkuu alivyo katibu wa kamati ya shule, ila asipige kura. Kamati ndiyo inayopanga posho yake na kusikiliza malalamiko dhidi yake.

Mwenye duka achague moja, kuuza au kuwa mjumbe. Kumtoa nje bei inapojadiliwa hakutoshi, kwa sababu wajumbe wenzake wana madeni kwenye daftari lake na hawatathubutu kumpinga. Mwenyekiti wa kitongoji tayari ni mjumbe wa halmashauri ya kijiji, ambako taarifa za kamati zitapelekwa. Abaki huko awasimamie.

Mtunza Stoo, Bahi
Wajumbe 7 wenye kura wanatosha. Wazazi na walezi wawe 4, mmoja wao awe na mtoto mwenye ulemavu kama yupo. Wengine ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, mwalimu wa darasa la awali wa shule ya jirani, na mzee mmoja anayeheshimika. Benki wekeni watia sahihi watatu, wawili kati yao wakitosha kutoa fedha, na wasitoke kaya moja. Mume na mke wakitia sahihi pamoja, hapo hakuna udhibiti.

Mhazini ajue hesabu ya uji. Mkiweka gramu 50 za unga kwa kila mtoto, watoto 40 wanatumia kilo 2 kwa siku, yaani kilo 40 kwa siku 20 za kituo. Gunia la kilo 100 la unga wa uwele likiisha ndani ya siku 30 badala ya 50, ama kipimo kimezidi ama unga unatoka usiku. Stoo iwe na kufuli mbili: ufunguo mmoja kwa mpishi, wa pili kwa mjumbe asiye mhazini. Mjumbe asiyeweza kufika stoo kila Ijumaa kupima unga uliobaki asipewe nafasi hiyo, hata kama ana heshima zake.

Mwanakijiji wa Kongwa
Angalieni pia utaratibu wa uchaguzi. Mkutano mkuu ni wa wakazi wote wa kijiji wenye miaka 18 na kuendelea, kwa hiyo wasio na watoto kituoni wanaweza kuwazidi wazazi kwa kura. Wazazi wakae kwanza kikao chao wapendekeze majina, kisha mkutano mkuu uthibitishe. Mtendaji wa kijiji aandike kila jina na kura zake, na nakala ya muhtasari iambatanishwe kwenye maombi ya usajili mnayopeleka kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri.

Kamati nyingi kwetu hufa msimu wa mvua, kuanzia Desemba, watu wakihamia mashambani. Akidi, yaani idadi ya chini ya kufanya kikao, iwe wajumbe 4, na kikao kisigongane na siku ya mnada. Mjumbe akikosa vikao vitatu mfululizo bila taarifa, nafasi yake iwe wazi na aliyemfuata kwa kura aingie. Kipengele hicho kiwepo kwenye katiba ya kamati kabla ya uchaguzi. Kikiongezwa baadaye, anayeguswa atasema kimetungwa kumng'oa yeye.

Mlezi_Chamwino
Nimeelewa, ahsanteni. Na mwenye duka akikubali ujumbe, unga tununue wapi?

Mtunza Stoo, Bahi
Chukueni bei kwa maandishi kutoka maduka matatu, na duka lake lisiwemo. Nunueni uwele au mtama mara baada ya mavuno, Juni au Julai, bei ikiwa chini, mkasage wenyewe kidogo kidogo. Unga uliosagwa ukikaa muda mrefu unachacha na kuwa mchungu, na watoto wataukataa uji.