Kuchora laivu kwenye maonyesho, mnafanyaje?

brashi_kavu: Wakuu, nimeombwa nichore mbele za watu kwenye maonyesho, masaa mawili tu, na mimi natumia rangi za mafuta ambazo hata kesho yake bado mbichi, halafu nikitazamwa mkono unatetemeka. Nifanyeje?

kalamu2: Siku hiyo tumia rangi ya akriliki, dakika chache imekauka. Ila nyunyizia maji kwenye paleti (kile kibao cha kuchanganyia rangi), la sivyo itagandia hapo hapo.

mama_turubai: Usianze na turubai tupu! Mi naenda na picha imefika nusu, nabakiza macho na mdomo maana hapo ndo watu wanasimama. Mkono utatulia ukishaanza kupiga nao stori.

brashi_kavu: Na mtu akiuliza bei katikati ya kazi?

mama_turubai: Weka brashi chini uuze, rangi ya mafuta itakusubiri. Akriliki sasa 😂