Naomba ushauri: shemegi anataka kunipeleka kwenye theluji

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mie mtu wa Nungwi, baridi niijuayo ni ya alfajiri ya kipupwe baharini. Shemegi yangu yuko Innsbruck, Austria, kanialika mwanzo wa Disemba nikajifunze skii, yaani kuteleza kwenye theluji kwa mbao za miguuni. Kwenye njia zilizotengenezwa sina wasiwasi. Tatizo anataka siku ya tatu tutoke nje ya njia hizo, eti theluji bado chache, haiwezi kuporomoka.

Nilivyosoma, sivyo. Theluji ya mwanzo hulala juu ya majani na mawe, tabaka la chini likawa chengachenga kama sukari. Ikirundikwa mpya na upepo, uzito wa mtu mmoja unatosha kuiporomosha, hasa mteremko wa nyuzi 30 hadi 45. Aliyefukiwa, zikipita dakika 15 matumaini hupungua sana. Tahadhari yao ya maporomoko ya theluji ina daraja 1 hadi 5, na 5 ndiyo hatari zaidi. Shemegi anasema daraja 2 ni bahari shwari. Bahari shwari naijua, imeshazamisha watu.

Mliokaa huko, kile kifaa cha redio cha kumtafuta aliyefukiwa, fimbo ya kudungia theluji kumpapasa alipo na koleo vinakodishwa? Na nimkatalieje bila dada yangu kununa?