Nyumba kubwa Houston: Fulshear au Sugar Land? Naomba ushauri kabla sijasaini

Kutoka: Baba Mapacha

Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Wengi mnatujua, tuko Alief hapa hapa Houston mwaka wa 11 sasa, nyumba ya vyumba vitatu, mapacha wamekua wanalala chumba kimoja na kila siku ni vita, afu mama mkwe anakuja mwakani Mungu akijalia akae moja kwa moja na magoti yake hayataki ngazi. Kwa hiyo mimi na mama watoto tumebeba boksi tumejipanga, tunataka vyumba vitano, kimoja kiwe chini na bafu lake, na sebule ya kuenea watu maana mnajua kwetu hapakauki wageni. Mwisho wetu ni laki tisa za dola.

Sasa kuna nyumba mpya Fulshear, nje ya jiji, nimeipenda hadi usingizi hauji. Dari la sebule limepanda mpaka ghorofa ya pili, meza ya katikati ya jiko unaweza kulaza ng'ombe mzima, gereji ya magari matatu. Kampuni inayojenga inasema tukikopa kwa benki yao wanatushushia riba na gharama za kufunga, yaani kukamilisha ununuzi, wanalipa wao. Mama watoto kazi yake iko Medical Center, kule kwenye mahospitali mjini, na yeye anataka Sugar Land, zile nyumba za miaka ya 90, mimi naona kama tunarudi nyuma. Dalali anasema kuna familia nyingine inaitaka hii ya Fulshear, nisaini kabla ya Jumatatu. Mnasemaje wadau?

Kutoka: Mama Katy

Marahaba mwanangu. Huyo dalali mwambie Jumatatu una kliniki.

Barua yote hiyo umetaja ng'ombe hujataja maji. Mimi ntakusimulia yangu, wenzangu waliosikia mara kumi wanivumilie.

2017 tulikuwa Katy upande wa kusini, nyuma ya bwawa la Barker. Nikisema bwawa usifikirie Mtera, ni tuta refu la udongo lilijengwa na wahandisi wa jeshi miaka ya 1940, ndani yake siku zote pakavu, kuna bustani kubwa watu wanakimbia na baiskeli zao. Mvua ikizidi maji yanazuiwa pale ili yasiende mjini, yanajaa, yanarudi nyuma mpaka kwenye nyumba za watu. Sisi hatukujua. Ramani ya FEMA, shirika la serikali la maafa, ilituweka nje ya eneo la mafuriko, benki haikutulazimisha bima ya mafuriko, na ile hela ya bima tukaifanyia sherehe ya kipaimara.

Kimbunga Harvey kilipokuja mwisho wa Agosti mvua yenyewe ndani hatukuona hata tone, tukapiga goti tukashukuru. Maji yakaja baadaye, hayana kelele, yanatokea kwenye mfereji wa barabarani yanapanda nyasi polepole kama mtoto anayetambaa. Niliweka jiwe kwenye kizingiti nikawa naliangalia. Saa kumi jioni maji yako chini ya jiwe, saa moja usiku jiwe silioni. Tulitolewa na boti ya mtu hatumjui, mimi nimebeba albamu ya harusi na cherehani, msiniulize kwa nini cherehani. Tuliporudi friji ilikuwa imelala chali katikati ya sebule, ilielea ikahama yenyewe kutoka jikoni, na ukutani mstari wa kahawia umenyooka kama umepigwa rula. Benki ikatupa miezi mitatu ya kupumua, ikaisha, ikaanza kudai. Mwaka 2019 mahakama ya shirikisho ilisema serikali inawajibika kwa nyumba zilizozama nyuma ya Barker na mwenzake Addicks, sawa, lakini hukumu haipigi deki.

Kwa hiyo kabla ya dari, uliza maji yakija yanatoka wapi na yanaenda wapi. Nyumba iliyowahi kukaliwa, muuzaji anajaza fomu, na tangu Septemba 2019 sheria ya Texas inamtaka aseme kama iliwahi kuingia maji na kama iko ndani ya eneo ambalo bwawa likijaa maji yanafika. Isome fomu yote hata kama inachosha. Nyumba mpya haina historia, hapo unachunguza ardhi. Nenda kaunti uone ramani ya viwanja iliyosajiliwa, soma yale maandishi madogo pembeni. Yetu ilikuwa na sentensi inasema eneo linaweza kufunikwa na maji, nilikuja kuisoma nikiwa nalala sakafuni kwa dada yangu. Afu nenda siku ya mvua, simama mtaani na mwavuli, gonga kwa jirani muulize 2017 walilala wapi. Watu wanasema, wala hawafichi.

Na bima kata hata ukiambiwa haihitajiki. Ile ya serikali mwisho wake ni 250,000 kwa jengo na 100,000 kwa vitu, kwa nyumba ya laki tisa kuna pengo kubwa hapo, uliza bima binafsi ya kuongezea. Ikate siku ya kufunga ununuzi, ukichelewa ukaja kuikata mwenyewe baadaye unasubiri siku 30, na kimbunga hakisubiri.

Kutoka: Dereva wa Semi

Sasa Baba Mapacha. Mimi hupita hizo njia na trela kila wiki. Fulshear ni tamu Jumapili ukienda kuona nyumba ukapewa kahawa ya bure. Enda Jumanne saa kumi na mbili na nusu asubuhi, anzia kwa hiyo driveway, uendeshe mpaka Medical Center halafu urudi hapa utuambie. Westpark Tollway ni ya kulipia na haishiki pesa taslimu, piga hesabu ya mwezi mzima. Bibi yako ndiye atateseka. (Bibi kwetu Kenya ni mke, watu wa Dar msianze.)

Kutoka: Nesi wa Usiku

Kaka wa trela tumekusamehe bibi 😂 ila shem anafanya usiku kama mimi, na usiku tunaenda kinyume na foleni, jioni naingia mjini wenzangu wanatoka, asubuhi natoka wanaingia. Mtihani ni zile maili 35 za Fulshear baada ya masaa 12 ya kusimama. Mimi nimeshasinzia kwenye taa nyekundu na mguu kwenye breki, nikashtuliwa na honi ya basi la shule. Na zamu zinabadilika, akihamishiwa mchana mwakani ndo atakutana na hiyo foleni ya Dereva. Sugar Land ni kama maili 20, tofauti ya hizo maili 15 kila upande ni usingizi wa mtu huo.

Shule pia usiamini bango la muuzaji. Anwani inaweza kusomeka Katy na watoto wakaangukia wilaya ya shule ya Cy-Fair, inaweza kusomeka Richmond na jirani wawili wakawa wilaya mbili tofauti za shule. Ingiza namba ya nyumba kwenye tovuti ya wilaya yenyewe. Na huko kunakojengwa sana shule mpya zinafunguliwa kila mara na mipaka inachorwa upya, mtoto wa dada yangu alihamishwa shule na nyumba haijahama.

Kutoka: Mpiga Hesabu

Mmeongea vizuri ila hamna aliyetaja kodi na hapo ndo watu wetu wengi wanapoungulia. Texas haina kodi ya mapato ya jimbo, inajilipa kwenye nyumba. Mitaa mipya mingi iko kwenye MUD, yaani wilaya ya maji, waliokopa kujenga mabomba na mifereji na deni mnalilipa nyie wenye nyumba. Jumla ya kodi inaweza kugusa asilimia 3 ya thamani ya nyumba kwa mwaka. Laki tisa mara asilimia 3 ni 27,000 kwa mwaka, 2,250 kila mwezi, hujagusa mkopo, bima wala ada ya HOA, chama cha wenye nyumba wa mtaa. Mtaa wa zamani ambao deni lake limeshalipwa unaweza kukuta asilimia 2, hapo ni 1,500 kwa mwezi.

Kuna mitego miwili. Nyumba mpya, karatasi ya kodi utakayoonyeshwa inaweza kuwa ya kiwanja kitupu. Unafurahi mwaka wa kwanza, mwaka wa pili kaunti inathamini na nyumba, benki inakuta akaunti inayokulipia kodi ina shimo, malipo yako ya mwezi yanaruka. Nimeona mtu yameruka zaidi ya dola 1,500 akadhani kaibiwa. Nyumba ya zamani nayo, usinakili kodi ya muuzaji. Akiwa kafika miaka 65 kodi yake ya shule, ile sehemu ya kodi ya nyumba inayoenda shule, imefungwa isipande, na thamani ya nyumba anayoishi haiwezi kupandishwa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, kwa hiyo analipa bei ya zamani. Wewe ukinunua vyote vinaanza upya. Chukua viwango vya sasa zidisha kwa bei unayonunua, basi. Ukihamia jaza mapema fomu ya homestead, yaani punguzo la nyumba unayoishi mwenyewe, inakatwa 140,000 kwenye thamani inayopigiwa kodi ya shule.

Na bima ya upepo na mvua ya mawe angalia unabeba kiasi gani mwenyewe kwanza. Wengi wanaandikiwa asilimia 2 ya kiasi ambacho jengo limekatiwa bima, likikatiwa laki tisa ni 18,000 mfukoni kabla bima haijatoa senti.

Kutoka: Mzalendo

Laki tisa za dola nyumba ya plasta na mbao, si ungejenga Kigamboni ghorofa tatu ukabakiwa na ya uzeeni? Tunashindana na nani huku?

Kutoka: Baba Mapacha

Mzalendo kaka yangu mapacha hawawezi kulala Kigamboni wakasoma Houston. Kiwanja ninacho, nacho kina kesi, tuachane na hayo.

Kutoka: Mama Katy

Nilisahau HOA. Tulipohama tuliingia mtaa wa geti. Baba yangu alipofariki habari zilifika usiku, watu wakaja kama kawaida yetu, magari thelathini na kitu, geti linataka namba ya siri na namba ninayo mimi ambaye nalia. Wengine walipaki nje wakatembea na masufuria ya wali. Kesho yake barua ya onyo, magari barabarani, turubai uwanjani bila kibali. Ombeni sheria za mtaa kabla ya kusaini, msome sehemu ya maegesho na ya turubai. Ada yao msiichezee, ukiacha kulipa wanaweza kufika mpaka kuinadi nyumba.

Kutoka: Baba Mapacha

Wakubwa nimerudi. Jumatatu ilipita, ile familia nyingine haikutokea na nyumba bado ipo, imeshuka na bei kidogo.

Tulifanya mliyosema. Jumanne nilimpeleka mwenyewe mama watoto Medical Center kutokea Fulshear, saa moja na dakika 20. Hakusema kitu njia nzima, alikuwa anacheza na redio tu, nikaelewa. Karatasi ya kodi waliyotupa ilikuwa ya kiwanja kweli, Mpiga Hesabu wewe ni mchawi. Na mkataba wa kampuni hauna zile siku za kujitoa ambazo mkataba wa kawaida wa Texas unakupa ukilipia.

Tumeweka ofa Sugar Land, nyumba ya 1994, vyumba vitano, cha bibi (wa Dar, sio wa Kenya) kiko chini na bafu. Jirani wa kushoto ni mzee Mhindi, kusikia tunaongea akatusalimia kwa Kiswahili cha Upanga kilichonyooka kuliko changu, kaondoka Dar zamani. Anasema 2017 maji yalifika ukingo wa barabara yakaishia hapo. Fomu ya muuzaji inasema hivyo hivyo. Jikoni ni marumaru ya rangi ya maharage na dari ni la kawaida.

Tuna siku 7 za kujitoa, leo ya pili. Mkaguzi kaona ufa juu ya mlango wa gereji, upana wa kama unene wa sarafu, na mwaloni mkubwa uko mita tatu kutoka ukutani. Anasema udongo wa huku unavimba na kunywea, inaweza kuwa kawaida inaweza isiwe, nitafute mhandisi wa misingi apime, tena asiwe wa kampuni inayouza matengenezo. Kuna mwenye namba ya mtu aliyemtumia mwenyewe? Nitumieni pembeni, mwisho wangu ni Alhamisi.