Nameza vidonge sita kila asubuhi na bado nachoka, nianzie wapi?

mamapacha
Habari zenu wadau. Naomba mnisaidie maana nimefika mahali sielewi tena. Nina miaka 36, kazi yangu ni ya kukaa kwenye kiti asubuhi mpaka jioni, na kwa karibu mwaka sasa nachoka uchovu ambao sio wa kawaida, yaani ikifika saa nane mchana macho yanafunga yenyewe, nikipanda ngazi ghorofa mbili tu moyo unaenda mbio, nywele nazo zinabaki kwenye kitana. Nilianza na multivitamini, rafiki yangu akanambia niongeze vitamini C ya miligramu 1000, afu shangazi akasema kalsiamu kwa ajili ya mifupa, afu nikasoma kuhusu vitamini D, baadae madini ya chuma, na mwezi uliopita nikaongeza biotini kwa ajili ya hizi nywele. Vyote navimeza kwa mpigo na kahawa kabla sijatoka maana ndo muda pekee nakumbuka. Usiku nalala kama saa sita, naamka saa kumi na moja, watoto wana miaka minne na hiyo saa nzima baada ya wao kulala ndo ya kwangu mwenyewe na simu.

Kipi niache, kipi niendelee nacho, na ni tabia gani ndogo ndogo za kila siku mlizofanya mkaona tofauti? Mambo ya jim masaa mawili siyawezi kwa sasa.

Nahodha_wa_Nchi_Kavu
Pole sana mama pacha. Mi nilikua hivo hivo, nakaa tu kutwa nzima, na kilichonisaidia sio kidonge ila kutembea baada ya kula. Dakika kumi tu, chakula cha mchana kikiisha natoka nje nazunguka narudi. Ukitembea baada ya kula misuli inachukua ile sukari iliyoingia kwenye damu kwa hiyo haipandi sana, na ule usingizi wa mchana kwangu ulipungua ndani ya wiki mbili.

Watu watakwambia hatua elfu kumi kwa siku, usiogope hiyo namba. Ilitokana na kifaa cha kuhesabu hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, jina lake tu lilimaanisha kipimo cha hatua elfu kumi. Kuna utafiti wa 2019 wa wanawake wazee Marekani, waliokua wanatembea hatua kama 4,400 kwa siku vifo vyao vilikua vichache kuliko wale wa 2,700, na faida iliacha kuongezeka kwenye 7,500 hivi. Kwa hiyo mtu anaetoka kwenye kukaa kabisa, zile hatua za mwanzo ndo zina thamani kubwa kuliko zote.

kaunta_ya_dawa
Dada yangu, nafanya kazi famasi mwaka wa tisa huu na hili swali lako nakutana nalo karibu kila siku, naomba nikujibu kwa urefu kidogo.

Kwanza kabisa kabla ya kuacha au kuongeza chochote, umeshapima damu? Maana hapo juu umetaja uchovu, moyo kwenda mbio kwenye ngazi, na nywele kukatika. Hizo tatu zikiwa pamoja kwa mwanamke wa umri wako mi kitu cha kwanza kukiwaza ni upungufu wa madini ya chuma, hasa kama hedhi yako ni nzito. Cha pili ni tezi ya thairodi, ile ya shingoni. Mwambie daktari apime himoglobini, yaani ile protini ya damu inayobeba oksijeni, lakini usiishie hapo, omba na ferritini, hiyo ndo inaonyesha akiba ya chuma iliyobaki mwilini. Himoglobini inaweza kua sawa kabisa kwenye karatasi wakati ghala limeshakauka, na watu wengi wanarudishwa nyumbani wameambiwa wako fiti kwa sababu hakuna alieangalia ghala.

Pili, ule mpigo wa asubuhi. Chuma na kahawa ni maadui, chai nayo ni hivo hivo, vinazuia chuma kufyonzwa. Kalsiamu nayo inakizuia. Kwa hiyo wewe umekua ukimeza chuma pamoja na vitu viwili vinavyokifungia mlango, na ndo maana hata kama ulikua unakihitaji huenda kimekusaidia kidogo sana. Vitamini C ndo rafiki yake, hiyo ungeiacha nae. Vitamini D inayeyuka kwenye mafuta, kwa hiyo mezea chakula chenye mafuta kidogo, sio kahawa tupu.

Tatu, na hili ni muhimu sana, biotini. Vidonge vingi vya nywele vina mikrogramu 5,000 mpaka 10,000 wakati mtu mzima anahitaji kama 30 tu kwa siku, na wingi huo unaweza kuharibu majibu ya vipimo vya maabara, thairodi ikiwemo, karatasi ikaonyesha ugonjwa ambao huna. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu hili, kwa sababu hata kipimo cha moyo kinachotumika mtu akishukiwa kupata shambulio kinaweza kudanganya. Iache siku mbili tatu kabla ya kupima, na mwambie daktari kua ulikua unaitumia, asiposikia kutoka kwako hawezi kujua.

Na usiongeze dozi ya chuma mwenyewe kabla ya majibu tafadhali. Chuma kikizidi mwili hauna njia ya kukitoa kirahisi. Na hao watoto wako wawili wa miaka minne, hicho kichupa kiwe juu kabisa kwenye kabati lenye kufungwa, sumu ya chuma kwa mtoto mdogo ni kitu cha kuua.

Mkweli_Daima
Mi naona tunamzungusha tu dada wa watu. Chakula kizuri kinatosha, mboga, matunda, maharage, mayai, basi. Hivi vidonge ni biashara, mtu mwenye afya hana haja navyo, tupa vyote ulale mapema.

majani_tu
Mkweli nakubaliana na wewe nusu, hiyo nusu nyingine ilitaka kuniharibu. Mimi sili kitu chochote cha mnyama, sio nyama sio mayai sio maziwa, na niliamini hivo hivo kua chakula kizuri kinatosha. Mwaka wa tano vidole vya miguu vikaanza ganzi, nikafikiri ni viatu. Ikapanda mpaka kwenye enka, nikawa natembea kama nimekanyaga pamba, na kusahau sahau vitu vya juzi tu. Ilikua vitamini B12. Kwa asili inapatikana kwenye vyakula vya wanyama tu, na ini linaweka akiba ya miaka kadhaa, kwa hiyo unakaa vizuri muda mrefu unaona uko salama, kumbe unakula akiba. Nilichomwa sindano, ganzi ya mguu wa kulia iliisha, wa kushoto bado ipo kidogo mpaka leo kwa sababu nilichelewa. Kwa mtu kama mimi kile kidonge sio biashara, ni chakula.

Na wanaotumia metifomini kwa ajili ya kisukari miaka mingi nao waombe wapimwe B12, hiyo dawa inaweza kuishusha.

Mkweli_Daima
Pole ndugu, hilo sikulijua. Narudisha nusu ya maneno yangu, ila kulala mapema nabaki nako.

kaunta_ya_dawa
Mkweli hapo kwenye kulala uko sahihi kabisa na nilitaka nirudi kulisema. Mama pacha masaa matano hayatoshi, mtu mzima anahitaji saba au zaidi, na hakuna kidonge kinacholipa hilo deni. Kahawa ya mchana nayo iangalie, baada ya masaa kama matano bado nusu ya kafeini iko kwenye damu.

Afu kuna mtu amenitumia ujumbe pembeni anauliza kama avute sigara huku akimeza beta karotini ili kulinda mapafu. Hapana. Finland walijaribu hilo kwa wanaume wavutaji zaidi ya elfu 29, majibu yakatoka 1994, waliopewa beta karotini walipata saratani ya mapafu zaidi ya wasiopewa, kwa asilimia 18. Ni ile ile rangi iliyoko kwenye karoti, kwenye karoti haina shida, kwenye kidonge cha dozi kubwa kwa mvutaji ikawa madhara. Ndo maana siku hizi mtu akinambia hiki ni cha asili tu hakina shida huwa namuomba tusome lebo pamoja.

mamapacha
Asanteni sana jamani, nimesoma yote mara mbili. Ndio, hedhi yangu ni nzito tangu nijifungue, sikuwahi kufikiri inahusiana. Biotini nimeacha leo. Swali moja, vitamini D na C niendelee wakati nasubiri kupima au niache?

kaunta_ya_dawa
C ya miligramu 1000 haina hatari kwa watu wengi ila kiasi kikubwa mwili unakitoa kwenye mkojo, na kama umewahi kua na mawe ya figo achana nayo. Usitegemee ikuzuie mafua, kwa watu wa kawaida haizuii, wanaoitumia kila siku wanapona mapema kidogo tu. D angalia lebo, mtu mzima wa umri wako anahitaji yuniti 600 kwa siku na mwisho usiovuka bila daktari ni 4,000. Ikizidi muda mrefu kalsiamu inapanda kwenye damu, na wewe kalsiamu unameza pembeni pia. Hiyo kalsiamu mi ningeisimamisha mpaka uonane na daktari, kama unapata maziwa na mboga za majani.

mamapacha
Wadau nimerudi, wiki tano zimepita. Himoglobini ilitoka 12.3, daktari wa kwanza akasema uko sawa nenda nyumbani. Nikakumbuka habari ya ghala, nikaomba ferritini, akasita kidogo akaandika. Ikatoka 9. Chini ya 15 ndo wanahesabu akiba imeisha. Thairodi iko sawa. Nimetumwa kwa daktari wa wanawake kuhusu hedhi na wameona uvimbe mdogo kwenye kizazi, sio wa kutisha, ila ndo uliokua unanimaliza damu kila mwezi huku mi nahangaika na nywele.

Sa hivi nameza chuma peke yake, siku moja naruka moja, daktari amesema hivo kinafyonzwa vizuri zaidi kuliko kila siku na tumbo halisumbui. Nakimeza na tunda lenye vitamini C, kahawa inasubiri masaa mawili. Vingine vyote nimeweka pembeni isipokua D. Natembea dakika kumi baada ya chakula cha mchana, wenzangu wawili kazini wamejiunga. Kulala ndo nimeshindwa kufika saba, nimefika sita na nusu kwa kuacha simu sebuleni inachaji. Wiki ya kwanza ilikua ngumu sana nakiri, ile saa moja ilikua yangu, lakini ngazi juzi nilipanda nimebeba mtoto mmoja na sikusimama katikati.

Nahodha_wa_Nchi_Kavu
Hongera sana mama pacha! Usiku ukishindwa usikate tamaa, kuna watafiti wa London walifuatilia watu wanaojenga tabia mpya, wastani ilikua siku 66 ndo ikawa kitu cha kujiendea chenyewe, wengine 18, wengine zaidi ya 200, na kuruka siku moja hakukuharibu kitu.

kaunta_ya_dawa
Nimefurahi mno dada, hasa kwa kumuomba daktari hiyo ferritini. Ukianza kujisikia vizuri usiache dozi, hapo ndo wengi wanakosea, ghala linachukua miezi kujaa. Muulize daktari kuhusu kurudia kipimo baada ya miezi mitatu.

mamapacha
Ameniandikia tarehe tayari, nimeibandika kwenye mlango wa friji chini ya mchoro wa watoto.