Kondoo wanaliwa Minjingu: nilete mbwa wa Kituruki au ninunue punda?

MfugajiWaSimu:

Wakuu, salaam. Nina kondoo 74, wengi ni wale wekundu wa Kimasai na wachache vichwa vyeusi. Wako Minjingu, mkono wa kushoto ukitokea Makuyuni kwenda Babati, yaani upande wa Tarangire. Mimi nakaa Arusha mjini, kule nipo wikiendi tu. Vijana wawili ndio wanaochunga.

Tangu mvua zianze mambo yameharibika. Mchana machungani vitoto vinapotea bila hata kelele, jioni mkihesabu kimepungua kimoja. Halafu juzi usiku zizi likavunjwa. Majike wameraruliwa upande wa nyuma, wengine hawakuonekana tena, imebaki damu na kinyesi cha tumboni. Kijana mmoja anasema fisi, jirani anasema bweha, mwenyekiti wa kitongoji anasema ni mbwa wa senta.

Nimeangalia sana video za Kangal, wale mbwa wakubwa wa Uturuki. Kuna jamaa anaweza kunitolea kinda Afrika Kusini, lakini bei yake ni ng'ombe watatu wazuri. Mwingine ananiambia achana na mbwa, weka punda katikati ya kondoo, hakuna kitakachosogea. Na wa tatu (huyu alikuwa ameshakunywa) kasema lama, yule mnyama wa Amerika Kusini wa jamii ya ngamia. Mfuko wangu unaruhusu kitu kimoja. Kwa aliyewahi kufanya, naomba ushauri.

Bwana_Kwato:

Lama tena mkuu? Fisi wa Tarangire watakushukuru kwa kuwaletea nyama ya nje.

Mimi ningeanza na taa. Yule kijana wa Kitengela, Richard Turere, alifunga taa zinazowaka kwa kupokezana kuzunguka boma la baba yake, simba wakadhani kuna mtu anatembea na tochi. Sola ndogo na betri ya pikipiki, umemaliza.

Mama_Zizi:

Taa ni nzuri, Bwana Kwato, ila usiku. Huyu anapoteza wengine mchana kweupe.

Mwanangu MfugajiWaSimu, usimtumie mtu hela ya Afrika Kusini kwanza. Nimekuwa afisa mifugo wa kata huko Simanjiro mpaka nimestaafu, na kila nilipoitwa kwenye mifugo iliyoliwa, watu walikuwa wameshamtaja mwizi kabla hawajautazama mzoga. Utazameni.

Bweha hamgusi kondoo mkubwa kama kuna kitoto karibu. Anachukua kitoto, anang'ata koo au ubavu, na mifupa mikubwa anaiacha. Chui anaua kwa koo, matundu ya meno yanaonekana ukichuna ngozi, kisha anaburuta mbali au anapandisha mtini. Fisi hana adabu hiyo: anaanzia nyuma, kwenye kiwele na tumbo, anatafuna na mifupa, asubuhi unakuta damu na vilivyokuwa tumboni. Mbwa wa senta wanang'ata ovyo, sikio huku, mguu kule, mkia pale. Unakuta majeruhi wengi na walioliwa wachache.

Kwa maelezo yako una wezi wawili tofauti. Wa mchana ananuka ubweha. Wa usiku, fisi. Ndiyo maana kila mtu hapo kijijini amekupa jibu lake na hakuna aliyekudanganya sana.

Sasa punda. Ni kweli punda hapatani na chochote cha jamii ya mbwa. Anakimbiza, anang'ata, anapiga mateke, na sauti yake inafika mbali. Texas na Australia wanamweka kwenye uwanja wenye uzio pamoja na kondoo na anawasaidia. Lakini mwizi wao pale ni koyoti (ndugu wa bweha huko Amerika), mbweha mwekundu na mbwa waliotoroka. Huko kwetu punda mwenyewe analiwa. Uliza boma lolote la Simanjiro lililopoteza mnyama wa kubebea maji, utaambiwa fisi au simba. Kwa hiyo punda atakusaidia kwa bweha wa mchana, na usiku atakuwa kichwa kimoja zaidi cha kulindwa. Ukimtaka hata hivyo, nunua jike au dume aliyehasiwa, maana dume zima linaweza kuua kitoto cha kondoo kwa meno. Awe mmoja. Wakiwa wawili watakaa wao kwa wao na kondoo watawasahau. Na kama unawapa kondoo pumba za kiwandani, soma mfuko: zenye monensini (dawa inayochanganywa kwenye chakula cha mifugo) hazimdhuru kondoo kwa kipimo chake, punda zinamuua. Wezi wa ngozi nao wapo, hata baada ya Umoja wa Afrika kuipiga marufuku biashara hiyo Februari 2024.

Mbwa ndiyo, lakini si yule wa ng'ombe watatu. Mbwa wa kwetu huyu huyu mwembamba wa rangi ya udongo. Watafiti waliofuatilia mashambulizi ya simba, chui, fisi na wenzao Laikipia na maeneo jirani huko Kenya walichapisha matokeo yao 2007. Mchana, hatari ilikuwa ndogo zaidi kwa makundi madogo, yaliyochungwa mahali pa wazi na watu wakiwa na mbwa. Usiku, kwenye maboma yenye ukuta mzito, milango michache, watu na mbwa ndani. Hakuna mahali walipohitaji mbwa wa kilo 60. Mbwa wa boma hapigani na fisi, akipigana atakufa. Kazi yake ni kumwamsha mtu kabla fisi hajafika ukutani, na mchana kumfanya bweha aone amegundulika.

Hapo ndipo nina swali nawe: usiku vijana wako wanalala wapi?

Chande_wa_Otjiwarongo:

Niongeze kidogo, nimefanya kazi kwenye mashamba ya Namibia, karibu na Otjiwarongo. Pale ndipo lilipo shirika la kulinda duma la Laurie Marker, Cheetah Conservation Fund, na tangu 1994 wanawapa wafugaji Kangal na mbwa wa Anatolia ili waache kuua duma. Mbwa wale ni kweli wanafanya kazi, nimewaona kwa macho. Kinda anaingizwa kwenye zizi akiwa na wiki nane hivi, anakulia mle mle na kondoo, anawaona ndio ndugu zake. Akikua anasimama kati ya kundi na chochote asichokijua, anabweka. Duma ni mwoga, anaondoka.

Lakini tofauti ni hii. Shamba la Namibia lina uzio, kondoo wanashinda humo na mbwa, mchungaji mara nyingi hayupo kabisa. Mbwa amechukua nafasi ya mtu. Wewe mtu unaye tayari, tena wawili.

Halafu hesabu chakula. Dume ni kilo 50 kwenda juu, na haridhiki na makombo ya ugali. Botswana, wenzetu wa Cheetah Conservation Botswana walirudi kwa mbwa wa kienyeji, wale wa Kitswana, wakaona wanalinda vizuri kwa gharama ndogo. Mbwa wa Anatolia walishaletwa hata Tanzania, kwa wafugaji wa vijiji vya Ruaha, lakini kulikuwa na mradi nyuma yao wenye daktari wa mifugo na gari. Wewe una simu na wikiendi.

MfugajiWaSimu:

Shikamoo mama. Nashukuru sana, na wewe kaka Chande.

Majibu: vijana wanalala kwenye kibanda, kutoka zizini ni kama mita 80, upande wa barabara kwa sababu ya mtandao. Zizi ni matawi ya mgunga, lina milango miwili, mmoja wa kondoo na mmoja tuliacha kwa ajili ya kutolea samadi.

Maswali yangu. Kinda nimtoe wapi na nimleeje? Pili, kijana mmoja ni Mrangi wa Kondoa, Mwislamu, hataki mate ya mbwa kwenye vyombo wala nguo, na mimi sitaki kumlazimisha. Tatu, jirani mwingine ameniambia niweke dawa ya kuogeshea kwenye mzoga, wote waishe kwa usiku mmoja.

Mama_Zizi:

Marahaba.

Naanza na la tatu. Hapana. Sumu kwenye mzoga ni kosa la jinai, na haichagui: wa kwanza kushuka ni tumbusi, wa pili ni mbwa wa jirani, na fisi huenda hakupita kabisa siku hiyo. Huyo jirani asirudi na ushauri huo kwako.

Zizi. Mlango wa samadi uzibe leo. Samadi itolewe kwa mlango ule ule wa kondoo, wajisumbue. Matawi ya mgunga yakikauka majani yanapukutika na ukuta unakuwa wa kuonekana ndani. Kondoo akimwona fisi anakurupuka, kundi lote linagonga ukuta na linatoka lenyewe. Mara nyingi fisi havunji zizi, kondoo ndio wanaolivunja, yeye anawasubiri nje. Kwa hiyo ongeza matawi mpaka usione upande wa pili. Ukipata fedha baadaye, fanya kama wale wa kijiji cha Loibor Siret, huko Simanjiro: wanapanda komifora kwa kuzungusha, ile miti ukichomeka tawi ardhini linachipua, wanafunga senyenge ya wavu juu yake. Miti inakua, nguzo hazioi wala mchwa hawazili. Wanaita ukuta hai. Hela yako ya Kangal ingejenga huo na chenji ikabaki.

Kibanda kihamie zizini. Mtandao watautafuta mchana.

Kinda sasa. Usichukue mbwa wa senta, umeshasikia sifa zao. Nenda boma la Kimasai lenye mbwa wanaotoka na mifugo kila siku, omba mtoto wa jike linalofuata kundi. Umri wiki sita mpaka nane, akiwa ndiyo kwanza ameacha kunyonya. Chukua wawili wa matumbo tofauti. Wajengee kikona ndani ya zizi, wapitie wao, kondoo wasipite, chakula chao kiwe humo. Usiku walale na kondoo, si na vijana jikoni. Watoto wa jirani wasije kucheza nao. Mbwa akizoea watu kuliko kondoo atakuwa mlinzi wa sufuria.

Kati ya miezi sita na mwaka atakusumbua. Atakimbiza vitoto, atavuta masikio na ile mikia ya mafuta. Huo ni utoto, si ukatili, ila usiuache. Mkemee pale pale, na kama ni mkaidi mvalishe kamba shingoni yenye kipande cha mti kinachoning'inia mbele ya magoti. Akikimbia kinampiga, akitembea hakimsumbui. Mhasi dume mapema, la sivyo jike likipata joto kilomita kumi kutoka hapo, kondoo watalala peke yao.

Huyo kijana wa Kondoa mheshimu. Hahitaji kumgusa mbwa. Mwenzake ndiye alishe, mbwa wawe na sahani yao inayokaa zizini, maziwa yakamuliwe nje. Mbwa atamfuata hata asipompapasa, maana anachokifuata ni kondoo.

Na hili ndilo nataka ulisome mara mbili. Kuna ugonjwa Wamasai wanauita ormilo. Kondoo anazunguka mduara, kichwa amekiinamisha upande, baadaye haoni. Ni uvimbe wa maji kwenye ubongo, watoto wa minyoo ya tegu, na tegu mwenyewe anaishi kwenye utumbo wa mbwa. Mbwa anaupata kwa kula kichwa cha kondoo mgonjwa, kisha anaenda haja malishoni, kondoo anakula majani. Kwa hiyo mkichinja, kichwa kibichi kisitupiwe mbwa kamwe. Kipikeni kiive sawasawa au kichomeni. Mbwa wapewe prazikwanteli, dawa ya tegu, kila miezi mitatu. Nimeona boma lililonunua mbwa kumzuia bweha, bweha akazuilika, na ormilo ikachukua kondoo zaidi yake.

Chanjo pia: kichaa na distempa (ugonjwa wa virusi wa mbwa). Uko kwenye ukingo wa hifadhi. Mwaka 1994 distempa iliua karibu theluthi ya simba wa Serengeti, na ilihusishwa na mbwa wa vijijini. Hata kama huwapendi simba, na sikulaumu, usiwe wewe uliyepeleka. Na hapo Minjingu kuna ndorobo. Mbwa wa kigeni akipata nagana, ugonjwa unaoletwa na ndorobo, macho yanakuwa meupe na anakwenda haraka. Wa kwetu anastahimili kidogo zaidi.

Machungani, vijana wasiwaache kondoo wenye vitoto wachanga waingie vichakani asubuhi mapema. Vitoto vya wiki ya kwanza vibaki bomani.

MfugajiWaSimu:

Mama, nimeshampigia kijana, mlango wa pili unazibwa jioni hii. Kasema kuna nyayo kwenye tope pembeni ya zizi, nimemwambia azipige picha.

Mama_Zizi:

Aweke kiberiti pembeni ili tuone ukubwa. Apige wa mbele na wa nyuma.

MfugajiWaSimu:

[picha] [picha]

Mama_Zizi:

Kucha zinaonekana, kwa hiyo si chui. Wa mbele mkubwa, unafunika kiberiti chote, na wa nyuma mdogo waziwazi. Fisi huyo, na hiyo nyingine pembeni ni ya mwenzake. Watarudi, wameshaonja. Leo vijana walale zizini na moto, hao mbwa bado hawajazaliwa.