Matundu ya misumari ukutani: jasi inatoka unga, nakosea wapi?

Mpangaji wa Kisasa: Wakuu, nahama hapa Dodoma mwisho wa mwezi na mwenye nyumba anautaka ukuta kama alivyonikabidhi. Ni tofali za simenti, lipu na rangi ya maji. Kuna matundu ya misumari kama 20, na manane ya fisha (vile vishikizo vya plastiki vya skrubu) za milimita 8 zilizoshika fimbo za pazia. Nimeziba kwa jasi, kesho yake imebonyea katikati, nikigusa inatoka unga. Tatizo ni jasi au mkono?

Mwiko na Kapi: Mkono, mkuu. Kiangazi cha Dodoma ukuta unakuwa mkavu kweli, unanyonya maji ya jasi kabla haijaganda. Jasi hailingani na udongo unaokauka tu: inayahitaji yale maji ili ishike. Ng'oa fisha kwanza: kaza skrubu mizunguko miwili mitatu, vuta kwa koleo. Toa vumbi kwa mswaki mkavu, lowesha tundu mara mbili, subiri mng'ao wa maji upotee, ndipo uzibe.

Dada Rola: Na ukorogaji. Maji kwanza, jasi ndiyo inyunyizwe juu, vijiko viwili vya jasi kwa kimoja cha maji. Koroga kiasi kidogo kwa kila mara, maana haichukui muda kuwa ngumu. Ikishaanza kukaza usiongeze maji, mwaga! Ukiirudisha uji, haishiki tena. Tundu la fisha lizibwe mara mbili: ya kwanza ibakize milimita 3, ikikauka malizia ikivimba kidogo juu ya ukuta. Msasa namba 120, kisha 220.

Saidia Fundi: Si bora simenti na mchanga kwa hayo ya fisha?

Mwiko na Kapi: Ndani, hapana. Ikikomaa huwa ngumu kuliko lipu ya pembeni. Ukipiga msasa unakula lipu, kinundu kinabaki palepale. Simenti iende bafuni na nje, ambako jasi ikilowa inalainika. Na wale wanaoziba kwa dawa ya meno: mwenye nyumba akilaza tochi ukutani, kila kishimo anakiona.

Mpangaji wa Kisasa: Shukrani. Rangi nipake viraka tu?

Dada Rola: Jasi tupu inanyonya rangi, panabaki baka lililofifia. Mkono wa kwanza changanya rangi na maji, pitisha kwenye viraka pekee. Ikikauka, piga rola ukuta mzima, kona hadi kona. Hata kopo la rangi ileile halitafanana na ukuta uliokwishapigwa jua la dirishani.